Kukoleza Mionzi: Birmingham, Oksijeni na Punje za Oksidi

Kiswahili kina kitenzi kizuri, kukoleza. Moto unaofifia hukolezwa kwa kupepewa, mchuzi uliopooza hukolezwa kwa chumvi na ndimu, na mazungumzo nayo hukolezwa. Katika kila hali, kitu kilichopo tayari huongezewa nguvu. Katika kila hali pia kuna hatari ya kuzidisha, mchuzi usilike au chungu kiungue. Makala haya yanahusu ukolezaji wa aina moja, ule wa mionzi inayotibu saratani. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakitia ndani ya uvimbe punje ndogo mno za oksidi za metali, ili dozi ile ile ya mionzi iuumize uvimbe zaidi kuliko nyama nzima iliyo jirani yake.

Jambo hili huelezwa mara nyingi kana kwamba limezaliwa jana. Hoja yangu ni kwamba punje hizi ni jibu la karibuni kabisa kwa swali lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba sehemu kubwa ya swali hilo imepita katika mji huu tunaosomea. Swali lenyewe ni hili: tutauzidishiaje uvimbe madhara bila kumzidishia mgonjwa? Tukifuata historia yake tutaona pia ni lini majibu yalifaa na ni lini yaliua.

Hewa ya Priestley

Tuanze na oksijeni, kwa sababu bila hiyo hadithi nzima haieleweki. Tarehe 1 Agosti 1774, Joseph Priestley alitumia kioo kikubwa cha kukusanya mwanga wa jua kuichoma oksidi nyekundu ya zebaki. Ikatoka hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wakati huo alikuwa akifanya kazi Bowood, katika jimbo la Wiltshire. Carl Scheele wa Sweden alikuwa ameipata hewa hiyo kabla yake bila yeye kujua, na Lavoisier wa Ufaransa ndiye aliyeipa jina tunalolitumia.

Mwaka 1780 Priestley alihamia Birmingham, akawa mchungaji na mmoja wa wanachama wa Lunar Society, kundi la wanasayansi na wenye viwanda waliokutana kila mwezi. Mwezi Julai 1791 kundi la watu waliochukia siasa na dini yake walichoma nyumba yake iliyokuwa Sparkbrook, pamoja na maabara yake. Miaka mitatu baadaye alihamia Marekani. Msomaji akumbuke jambo moja: oksijeni ya Priestley ilitoka katika oksidi ya metali. Tutazirudia zote mbili, oksijeni na oksidi, kabla ya kumaliza.

Mkono wa daktari

Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895, na magazeti yakaieneza habari hiyo mwanzoni mwa Januari 1896. Birmingham haikukawia. Tarehe 11 Januari daktari John Hall-Edwards alipiga picha ya eksirei ya mkono wa mwenzake ambamo sindano ilikuwa imewekwa chini ya ngozi. Mwezi uliofuata alimpiga picha mwanamke aliyekuwa na sindano iliyomwingia mkononi. Tarehe 14 Februari daktari mpasuaji wa Queen's Hospital, J. H. Clayton, aliitoa sindano hiyo akiongozwa na picha ile. Upasuaji huo huhesabiwa kuwa wa kwanza kuongozwa na eksirei.

Hall-Edwards aliendelea kwa bidii. Alifanya kazi ya eksirei katika General Hospital ya hapa, na wakati wa vita vya Makaburu aliipeleka kazi hiyo hadi Deelfontein, Afrika Kusini. Siku zile hakuna aliyejikinga. Ili kujua kama mashine inatoa mionzi ya kutosha, daktari aliweka mkono wake mwenyewe mbele yake akaangalia mifupa. Mikono ya Hall-Edwards ikaanza kuuma, kupasuka na kuota vidonda visivyopona, naye akaandika hadharani kuwaonya wenzake. Mwaka 1908 mkono wake wa kushoto ulikatwa chini ya kiwiko, na baadaye vidole vinne vya mkono wa kulia. Aliishi hadi 1926. Mkono uliokatwa haukuzikwa. Umehifadhiwa katika mkusanyiko wa patholojia wa Chuo Kikuu cha Birmingham, nao umewafundisha wanafunzi wa udaktari kwa vizazi kadhaa.

Mkono huo unatufundisha nini? Kwanza, kwamba mionzi huua nyama hai, na uwezo huo huo ndio uliowafanya madaktari waielekeze kwenye saratani. Pili, kwamba mionzi haimjui adui. Inapita katika ngozi nzima kabla haijaufikia uvimbe, na kila inapopita huacha deni. Tangu wakati huo historia ya tiba ya mionzi imekuwa historia ya kutafuta tofauti: ni kitu gani alicho nacho uvimbe ambacho nyama nzima haina, au ni kitu gani tunachoweza kuupa uvimbe peke yake?

Uvimbe unaobana pumzi

Dalili ya kwanza ilionekana Vienna mwaka 1909. Gottwald Schwarz aliona kwamba ngozi iliyobanwa na kifaa cha radiamu iliungua kidogo kuliko ngozi ambayo haikubanwa. Alikisia kwamba damu ikipungua, athari ya mionzi hupungua pia. Ilichukua muda mrefu mpaka sababu ieleweke. Mwaka 1953 Hal Gray na wenzake, katika Hospitali ya Hammersmith, London, walionyesha kwamba kinachopungua pamoja na damu ni oksijeni. Seli zenye oksijeni ya kutosha zinaweza kuuawa kwa dozi iliyo karibu theluthi moja ya ile inayohitajika kuziua seli zisizo nayo.

Utaratibu wake unaweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida. Mionzi inapopita ndani ya seli hung'oa elektroni. Elektroni hizo huvunja molekuli za maji na kuzaa vipande vikali vinavyoitwa radikali huru, navyo huishambulia DNA. Jeraha likipata oksijeni papo hapo, oksijeni hujishika pale na kulifanya la kudumu. Isipokuwapo, seli hupata nafasi ya kujitengeneza. Oksijeni ya Priestley ndiyo kikolezo cha kwanza cha mionzi, na tumezaliwa nayo mwilini.

Mwaka 1955 Thomlinson na Gray walipima vipande vya saratani ya mapafu. Waliona kwamba kila uzi wa saratani ambao nusu kipenyo chake kilizidi milimita 0.2 ulikuwa umekufa katikati, kwa sababu oksijeni ya mishipa ya pembeni haikufika huko. Kati ya seli zilizokufa na zile zilizoshiba kuna tabaka la seli zenye njaa ya oksijeni. Ziko hai, nazo ndizo ngumu kuuawa kwa mionzi. Kwa hiyo ugonjwa unaporudi baada ya tiba, tabaka hilo ni miongoni mwa washukiwa wakuu.

Madaktari walijaribu njia ya moja kwa moja. Katika Hospitali ya St Thomas', London, Churchill-Davidson aliwaingiza wagonjwa ndani ya tangi lenye oksijeni ya shinikizo kubwa wakati wa kupigwa mionzi. Baadaye wanakemia walitafuta dawa za kuigiza kazi ya oksijeni. Misonidazoli iliwapa matumaini makubwa, lakini iliharibu neva za mikono na miguu kabla haijafikia kiwango cha kutosha. Ndugu yake, nimorazoli, ilivumilika zaidi, na nchini Denmark ikawa sehemu ya tiba ya kawaida ya saratani za kichwa na shingo. Mfano huu unafaa kukumbukwa: kikolezo kinachomwumiza mgonjwa sawasawa na kinavyouumiza uvimbe hakijaleta faida yoyote, kimeongeza dozi kwa mlango wa nyuma.

Mashine iliyotoka vitani

Kukoleza kunahitaji moto wenyewe uwe mzuri, na hapa Birmingham inaingia tena. Mwezi Februari 1940, katika idara ya fizikia ya chuo hiki, John Randall na Harry Boot waliwasha magnetroni yao ya kwanza yenye mashimo, chombo kidogo cha shaba kilichotoa mawimbi mafupi ya redio kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Lengo lilikuwa rada ya kuwinda ndege na nyambizi za Ujerumani. Vita vilipokwisha, mawimbi hayo hayo yalitumika kusukuma elektroni ndani ya bomba mpaka zikapata kasi kubwa, kisha kuzigonga kwenye metali ili zitoe eksirei kali. Mwaka 1953 mashine ya aina hiyo, ikiendeshwa kwa magnetroni, ilianza kutibu wagonjwa Hammersmith. Mashine nyingi za tiba ya mionzi duniani leo ni wajukuu wake.

Eksirei hizo mpya ziliingia ndani zaidi na kuiachia ngozi nafuu. Ngozi ya mgonjwa haikuungua tena kama mikono ya Hall-Edwards. Tabaka la seli zenye njaa ya oksijeni, hata hivyo, lilibaki pale pale.

Somo la kibofu

Birmingham ilitoa pia moja ya ushahidi mzuri zaidi kwamba kukoleza kunaweza kufanikiwa bila gharama isiyovumilika. Mwaka 2001 ulianza utafiti ulioitwa BC2001, ukiongozwa na Nicholas James wa chuo hiki. Ulihusu wagonjwa 360 wa saratani ya kibofu iliyokwisha kuingia kwenye misuli. Kundi moja lilipata mionzi peke yake, na jingine mionzi pamoja na dawa mbili, florourasili na mitomaisini. Dawa ya pili ina sifa ya kuziua hasa seli zenye oksijeni kidogo, yaani tabaka lile la Thomlinson na Gray.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya miaka miwili, asilimia 67 ya waliopata dawa na mionzi walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa katika kibofu na sehemu zilizo karibu, dhidi ya asilimia 54 ya waliopata mionzi peke yake. Maana yake kwa mgonjwa si takwimu tu. Ni uwezekano wa kubaki na kibofu chake badala ya kukatwa na kuishi na mfuko tumboni.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuuzingatia ugonjwa huu. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana vizuri Unguja, Pemba na Kanda ya Ziwa, ni chanzo kinachotambuliwa cha saratani ya kibofu. Saratani hiyo mara nyingi ni ya aina tofauti na ile ya wagonjwa wengi wa Uingereza, kwa hiyo matokeo ya BC2001 hayawezi kubebwa mzima mzima hadi Mwanza. Swali lake tu ndilo linalobebeka.

Punje za oksidi

Sasa tumefika kwenye metali. Wazo la msingi ni la kifizikia. Atomi nzito hunasa eksirei vizuri kuliko atomi nyepesi. Oksijeni ina namba ya atomiki 8, kalsiamu ya mifupa 20, hafniamu 72, dhahabu 79. Ndiyo sababu mifupa huonekana nyeupe katika picha ya Hall-Edwards. Ukiitia metali nzito ndani ya uvimbe, kila punje hunasa mionzi na kutawanya elektroni nyingi pale pale ilipo, kama kijinga kinachorusha cheche. Mwaka 2004 James Hainfeld na wenzake nchini Marekani walidunga punje za dhahabu zenye upana wa nanomita 1.9 katika panya wenye uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 86 ya panya waliopata dhahabu na eksirei walikuwa hai, dhidi ya asilimia 20 waliopata eksirei peke yake. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Dhahabu ni ghali, na panya si binadamu. Watafiti wakageukia oksidi, ambazo nyingi hutengenezwa kwa urahisi, hazibadiliki ovyo, na nyuso zake hushiriki katika kemia ya maji na oksijeni. Oksidi ya chuma huonekana katika picha za sumaku, kwa hiyo daktari anaweza kuona ilipokaa. Oksidi ya titaniamu na ya zinki zinaweza kusaidia kuzalisha radikali huru. Oksidi ya seriamu ina tabia ya ajabu: katika majaribio ya maabara imewahi kukinga seli nzima na wakati huo huo kuziumiza seli za saratani, kwa sababu uvimbe una asidi zaidi.

Iliyofika mbali zaidi kwa binadamu ni oksidi ya hafniamu, iliyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa, Nanobiotix. Punje zake, zenye upana wa nanomita 50 hivi, hudungwa mara moja ndani ya uvimbe kabla ya mionzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 180 wenye sarkoma ya nyama laini waligawanywa makundi mawili kabla ya upasuaji. Uvimbe ulipokatwa na kuchunguzwa, asilimia 16 ya waliopata punje na mionzi walikuwa karibu hawana seli hai za saratani, dhidi ya asilimia 8 ya waliopata mionzi peke yake. Ni mara mbili, lakini wengi katika makundi yote mawili hawakufikia hali hiyo. Tena kipimo kikuu kilikuwa hali ya uvimbe uliokatwa, si urefu wa maisha. Mwanahistoria hana budi kuzisoma namba zote mbili.

Oksidi iliyoua

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa madaktari kudunga punje ndogo za oksidi ya metali nzito mwilini. Kuanzia karibu mwaka 1930, hospitali za nchi nyingi zilitumia dawa iliyoitwa Thorotrast, maji yenye punje za oksidi ya thoriamu, ili mishipa ya damu ionekane katika eksirei. Picha zilikuwa safi ajabu, na wagonjwa hawakulalamika. Lakini mwili haukuweza kuzitoa punje hizo. Zilikaa katika ini, bandama na uboho, na kwa kuwa thoriamu yenyewe hutoa mionzi, ziliendelea kuunguza taratibu mwaka baada ya mwaka. Baada ya miongo kadhaa, wengi waliodungwa walipata saratani ya ini na ya damu. Matumizi yake yalikoma katika miaka ya 1950, lakini vifo viliendelea muda mrefu baada ya hapo.

Hafniamu ya kawaida haitoi mionzi, na kuilinganisha na thoriamu moja kwa moja ni kuionea. Hata hivyo swali ambalo Thorotrast ilisahau kuliuliza linabaki halali kwa kila punje mpya: baada ya kazi yake kwisha, inakwenda wapi? Jibu lake halipatikani kwa utafiti wa miaka miwili. Linahitaji hospitali zinazotunza majalada na kuwafuatilia wagonjwa kwa miongo.

Moto wenyewe uko wapi?

Tugeukie kwetu. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024 meli zilipakia Likoni madini ya ilmenaiti, rutile na zirkoni. Rutile ni oksidi ya titaniamu. Zirkoni ndiyo madini ambamo hafniamu hujificha, kiasi cha asilimia moja au mbili. Basi metali zinazozungumzwa katika maabara za Ulaya hazikuwa ngeni kwa Mdigo wa Msambweni, ila zilipita mbele ya mlango wake zikiwa mchanga.

Kwa upande wa tiba, jengo la Ocean Road jijini Dar es Salaam lilifunguliwa na Wajerumani kama hospitali mwaka 1897, na mwaka 1996 likawa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge. Huko, kama katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, saratani ya mlango wa kizazi ni mzigo mkubwa. Kikolezo chake cha kawaida duniani tangu 1999 ni sisplatini, dawa yenye platinamu, inayotolewa pamoja na mionzi. Kwa hiyo kukoleza si habari ya kigeni kwetu.

Lakini mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, ya kobalti, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati ya tarehe hizo, wenye uwezo na waliosaidiwa walivuka mpaka kwenda Nairobi, na wengine wakabaki wakisubiri. Kwao tofauti kati ya asilimia 8 na 16 haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hawakuwa na mionzi ya kukolezwa.

Hitimisho

Historia niliyoifuata inaonyesha mambo matatu. Kwanza, punje za oksidi zimeurithi utafiti wa oksijeni, na anayezieleza bila Gray na Thomlinson anakata mti na kubaki na tawi. Pili, vikolezo vilivyofaulu ni vile ambavyo madhara yake yalipimwa kwa makini sawa na faida zake. BC2001 ilifanya hivyo, Thorotrast haikufanya, na mikono ya Hall-Edwards ilikuwa kipimo ambacho hakuna aliyekusudia. Tatu, chumvi haipiki chakula. Nchi inayofikiria punje za hafniamu ihesabu kwanza mashine zake, mafundi wa kuzitengeneza na umeme wa kuziendesha.

Kwa klabu yetu kuna kazi ndogo lakini ya kweli. Mgonjwa anayeombwa kukubali punje zisizotoka mwilini anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na maneno hayo hayajakaa sawa bado. Mimi napendekeza kikolezo cha mionzi, kwa kuwa kila aliyewahi kuketi mbele ya jiko anajua maana ya kukoleza, na anajua pia maana ya kuzidisha. Mwenye neno bora zaidi alilete kwenye toleo lijalo.